Shajara ya mradi: kemba na tou kwenye NZE121 iliyoshushwa

Gari ni Toyota Corolla NZE121, injini 1NZ-FE, usukani kulia, rimu za inchi 15 na tairi 195/60R15. Kazi yake ni mizunguko ya mjini Mombasa na safari za Malindi. Tunataka lishuke takriban milimita 40 mbele na 35 nyuma, liende moja kwa moja bila kuvuta, na tairi za mbele zisitoke nyaya upande wa ndani huku upande wa nje bado una kashata (michirizo ya tairi).

Hilo la tairi ndilo lililotufanya tuandike kila kipimo. Gari lililoshushwa likila tairi kwa ndani, watu husema "kemba imezidi", wananunua bolti za kemba, wanasimamisha gurudumu, na tairi mpya inaliwa vilevile. Kwa gari la kawaida kama hili, kemba ya digrii moja na nusu hasi haiui tairi haraka. Muuaji ni tou. Kemba huamua tu ni ukingo upi utatangulia kufa.

Kwa wanaoanza: kemba ni mwinamo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele. Juu ikiingia ndani, kemba ni hasi. Tou ni mwelekeo wa magurudumu ukilitazama gari kutoka juu. Yakikaribiana kwa mbele ni tou ya ndani, yakiachana ni tou ya nje.

Kabla ya kugusa springi

Alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) ya gari lenye bushi (mipira ya viungo) zilizochoka ni pesa ya kutupa, kwa sababu vipimo vinavyosomwa gari likiwa limesimama si vile vitakavyokuwepo breki zikikanyagwa. Kwa hiyo tulianza na ukaguzi.

Gari likiwa juu ya stendi, gurudumu lilishikwa saa tatu na saa tisa likatikiswa. Mchezo ulikuwa upande wa kushoto, kwenye tairodi endi (kiungo cha mwisho cha tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu). Likashikwa saa sita na saa kumi na mbili: boljointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwa chini) na bearing za magurudumu yote mawili ni imara. Kisha nondo fupi ilitiwa kati ya aamu ya chini (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu kwa chini) na fremu. Bushi kubwa za nyuma za aamu, kushoto na kulia, zilikuwa zimepasuka mpaka chuma cha katikati kinahama kwa jicho. Hizi ndizo hufa kwanza kwenye NZE za pwani, na zikifa gurudumu hurudi nyuma kila ukikanyaga breki na tou hubadilika wakati huohuo.

Zimewekwa bushi mpya pande zote mbili na tairodi endi mpya pande zote mbili. Bolti za aamu hazikukazwa mwisho hapo. Bushi ya mpira ikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira unajisokota gari likishushwa chini, unabeba sehemu ya uzito usiouhusu na kuchanika mapema. Kaza gari likiwa limekaa kwa miguu yake, au inua aamu kwa jeki hadi kimo kile kile. Kwa gari linaloshushwa kosa hili ni baya maradufu, maana kimo cha kawaida kiko mbali zaidi na kile cha kuning'inia.

Kimo kabla ya kazi, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi: mbele kushoto mm 378, kulia 380, nyuma 372 na 373. Tunapima kutoka katikati ya gurudumu, si kutoka chini, ili upepo wa tairi usiingilie hesabu.

Uwanja wa kupimia

Hatuna mashine ya alaimenti, na kwa kazi ya kurudia-rudia kama hii haihitajiki. Inahitajika sakafu iliyo sawa. Tuliweka alama nne za magurudumu kwa chaki, tukapima usawa kwa mpira wa maji wa waashi. Sehemu ya mbele kushoto ilikuwa chini kwa mm 5. Tofauti ya mm 5 katika upana wa karibu mm 1,480 huinamisha gari lote kwa dakika 12 hivi za digrii (digrii moja ni dakika 60), na kosa hilo huingia kwenye kemba ya kila upande, moja ikiongezeka na nyingine ikipungua. Tulijazia kwa kipande cha ubao mwembamba mpaka maji yakalingana.

Chini ya kila gurudumu la mbele vimewekwa vigae viwili vya sakafu, nyuso laini zikitazamana, grisi katikati. Bila hivyo tairi inang'ang'ania sakafu na kusoma uongo kila unapogusa tairodi. Hata ukiwa na vigae, baada ya kila badiliko bonyeza boneti mara kadhaa ili springi zitulie, ndipo upime.

Upepo psi 32 kote. Tangi nusu. Kwenye kiti cha dereva mfuko wa saruji wa kilo 50 na dumu la maji la lita 20, jumla kilo 70. Gari hili huendeshwa na mtu, basi lipimwe likiwa na uzito wa mtu.

Kupima kemba tunatumia timazi. Uzi unaning'inizwa kutoka kwenye madigadi, mbele ya uso wa gurudumu, upite katikati yake bila kugusa popote. Pima pengo kati ya uzi na mdomo wa rimu juu, kisha chini. Usipime kwenye mpira wa tairi, maana chini pametuna. Umbali kati ya midomo miwili ya rimu hii ni mm 410, hivyo kila mm 1 ya tofauti ni takriban dakika 8. Pengo la juu likiwa kubwa, kemba ni hasi. Rimu zetu zimegongwa kidogo kama za gari lolote la mjini, kwa hiyo tunasoma, tunasukuma gari gurudumu lizunguke nusu, tunasoma tena, tunachukua wastani.

Kabla ya kushusha: kushoto mm 3, yaani hasi dakika 25, kulia mm 4, hasi dakika 34. Ni vya kawaida kwa gari hili.

Springi

Springi fupi zimeingia, zilizotengenezwa kwa ajili ya modeli hii. Za kukatwa kwa grainda hatuziweki. Ncha ya chini ya springi ya NZE imekunjwa ikae kwenye kikombe cha shokapu; ikikatwa vibaya inakaa upande, na gurudumu likidondoka kwenye shimo inaweza kuhama kabisa. Kingine ni kwamba shokapu ya kawaida ikibaki na springi fupi, hufanya kazi karibu na mwisho wake wa chini. Tumepunguza mpira wa kuzuia kugonga kwa mm 20 kutoka upande unaogonga kwanza. Usiutoe wote. Ukiutoa, tuta la kwanza litavunja vali ya shokapu.

Nati ya juu ya shokapu isifunguliwe springi ikiwa haijabanwa na kibano chake pande mbili zinazokabiliana. Hapa watu wamepoteza meno na vidole.

Kimo baada ya kushusha na gari kutembezwa kidogo: mbele 339 na 340, nyuma 337 na 338.

Vipimo baada ya kushusha

Kulia mm 9: hasi 1°15'. Kushoto mm 14: hasi 1°57'. Tou jumla: mm 5 nje, ikipimwa kwenye midomo ya rimu.

Upande wa kulia ni kama tulivyotarajia. Aamu ya chini ilikuwa imeinama kwenda chini kwa nje. Gari likishuka, aamu inakaribia kulala na kusukuma sehemu ya chini ya gurudumu nje, huku juu ikishikiliwa na shokapu. Ndiyo maana kemba inakuwa hasi. Ukishusha kupita pale aamu inapolala, ncha ya nje huanza kurudi ndani, na kemba hasi huongezeka polepole kisha huacha kabisa. Anayefikiri kushusha mara mbili zaidi kutampa kemba mara mbili amekosea, na njiani atakuwa ameharibu pembe za tairodi na drive shafti.

Kushoto, tofauti ya dakika 42 na kulia haikuweza kuelezwa na kimo, kwani vimo viko sawa. Kabla ya kununua chochote tulilegeza bolti mbili zinazofunga shokapu kwenye nakoli (chuma kinachobeba gurudumu). Matundu yana nafasi kidogo kuzunguka bolti. Wakati wa kufunga, nakoli ilikuwa imeegemea ndani kwa juu na ikakazwa hivyo. Tuliusukuma mdomo wa juu wa gurudumu nje kwa goti, tukakaza huku unashikiliwa. Kipimo kipya: mm 11, hasi 1°32'. Dakika 25 zimepatikana bila shilingi moja. Hii ifanywe kabla ya kumwambia mwenye gari anunue bolti za kemba.

Kemba

Lengo: kulia karibu na hasi 1°05', kushoto karibu na hasi 1°15'. Tofauti hiyo ni ya makusudi. Kenya na Tanzania tunaendesha kushoto, na barabara nyingi zimeinamia kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo gari huteleza kuelekea kushoto lenyewe. Gari huvutwa upande ambao kemba yake iko chanya zaidi. Ukiacha kulia ikiwa chanya kidogo kuliko kushoto, mvuto huo unapambana na mwinamo wa barabara. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Ikifika nusu digrii gari litavuta kulia kwenye barabara iliyo sawa.

Kwa nini hatukurudisha kwenye nusu digrii ya kiwandani? Kwa sababu gari limekazwa springi na linakata kona kwa kasi zaidi ya awali. Digrii moja na kitu inasaidia tairi ya nje kukanyaga yote kwenye kona, na ukiwa na tou sahihi hailipishi chochote kikubwa kwenye mpira.

Toyota wenyewe wana bolti za kurekebishia: zinafanana na za kawaida ila shingo ni nyembamba, na kichwani zina nukta moja, mbili au tatu. Kwa tundu moja hutoa takriban dakika 15, 30 au 45. Zina faida moja kubwa kuliko bolti za yai (zenye shingo isiyo duara kamili, zinazozungushwa ili kubadilisha kemba) zinazouzwa madukani: hakuna kitu cha kuzunguka. Bolti ya yai ikipigwa na shimo zito inaweza kujigeuza, na kemba yako imeondoka usijue. Ukilazimika kuitumia, weka moja tu kwa kila shokapu, ya pili ibaki bolti kamili, na uchore mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bano ili ukipita chini ya gari uone kama imehama. Kutoboa matundu yawe marefu kwa tupa hatukubali kabisa. Nguvu ya kubana peke yake ndiyo itakayokuwa imeshika gurudumu.

Pima kipenyo cha bolti iliyotoka kwa vernia kabla ya kwenda dukani. Tumeona bolti za modeli nyingine zikiuziwa watu wa NZE, zinaingia kwa ulegevu na zinagonga kwenye matuta.

Kushoto: bolti ya nukta mbili tundu la juu ilivuka lengo, ikasoma mm 7. Ya nukta moja imesoma mm 9, hasi 1°15'. Imebaki. Kulia: kulegeza na kusukuma nje tu, mm 7.5, hasi 1°03'. Nati zimekazwa Nm 153 kwa toki renchi, gari likiwa chini. Kulia hakuna bolti mpya iliyohitajika.

Kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani ukilitazama gari kwa ubavu) haina marekebisho kwenye gari hili. Tulilinganisha tu umbali wa kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa mfupi kwa zaidi ya mm 5 hivi, tafuta aamu iliyopinda au krosimemba (fremu ya chini inayobeba aamu) iliyofungwa upande. Zetu zinatofautiana mm 2.

Tou

Baada ya kugusa kemba, tou ilihama kutoka mm 5 nje hadi mm 8 nje. Hakuna aliyegusa tairodi. Raki ya NZE (mtambo wa usukani unaosukuma tairodi) iko nyuma ya mstari wa ekseli, na tairodi hushika nakoli juu kidogo ya boljointi. Ukiisukuma nakoli nje kwa juu, sehemu ya tairodi inataka kwenda nje pia, lakini tairodi ina urefu wake uleule na inaishikilia, kwa hiyo nyuma ya gurudumu inavutwa ndani na mbele inafunguka. Ndiyo sababu tou hupimwa mwisho, na ndiyo sababu mtu anayefunga bolti za kemba mtaani akaondoka bila kupima tou amelifanya gari kuwa baya kuliko alivyolikuta.

Milimita 8 jumla ni milimita 4 kwa kila gurudumu katika mm 410. Igeuze iwe mwendo: kila kilomita moja, kila tairi inalazimishwa kuelekea pembeni karibu mita 10 huku gari likiivuta mbele. Na kwa kuwa kemba ni hasi, uzito mwingi umelalia ukingo wa ndani, kwa hiyo ukingo huo ndio unaosuguliwa. Hapo ndipo kemba husingiziwa. Uthibitisho uko mkononi: pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani. Kikikwaruzwa kama na meno ya msumeno, na kurudi nje ni laini, hiyo ni tou ya nje. Tairi kuukuu za gari hili zilikuwa hivyo hasa.

Kupima: mabomba mawili yaliyonyooka, yamekatwa vifereji viwili kwa umbali uleule kabisa, moja mbele ya bampa na moja nyuma, juu ya stendi kwa kimo cha katikati ya magurudumu. Nyuzi mbili zimefungwa kutoka kifereji hadi kifereji, kila ubavu wa gari. Kwa kuwa vifereji viko sawa, nyuzi ni sambamba. Kisha mabomba yanasogezwa mpaka pengo la uzi na kitovu cha gurudumu lilingane kushoto na kulia kwa mbele, halafu kushoto na kulia kwa nyuma. Usijaribu kulinganisha mbele na nyuma, maana upana wa magurudumu ya mbele na ya nyuma si mmoja. Mtu akikwaa uzi, anza upya.

Usukani umenyooshwa na kufungwa kwa kamba kwenye kiti. Nati za kufungia tairodi zililegezwa, na klipu za buti za raki (mifuko ya mpira inayofunika ncha zake) zikafunguliwa ili buti isisokotwe. Buti iliyosokotwa hupasuka, vumbi na maji huingia, na raki hufuata.

Hesabu kabla ya kuzungusha: uzi wa skrubu wa raki endi (sehemu ya tairodi inayofungwa kwenye raki) ni mm 1.5 kwa mzunguko, na mkono wa nakoli unaoshikwa na tairodi tumeupima mm 130. Mzunguko mmoja hubadilisha gurudumu kwa mm 4.7 kwenye mdomo wa rimu. Tunatoka mm 8 nje kwenda mm 1 ndani, jumla mm 9, mm 4.5 kila upande: karibu mzunguko mmoja kila upande, tairodi ikirefuka. Kwa raki ya nyuma, kurefusha ni kuleta tou ndani. Kwa gari lenye raki mbele ni kinyume.

Zungusha pande zote mbili sawa. Fundi akirekebisha upande mmoja tu, jumla itasoma vizuri lakini usukani utakaa upande, na gari litakata kona moja zaidi ya nyingine. Tumehesabu pia nyuzi za skrubu zinazoonekana kwenye tairodi: tofauti ya kushoto na kulia ni chini ya duara moja.

Matokeo: kushoto mm 0.5 ndani, kulia mm 0.5 ndani. Baada ya kukaza nati tulipima tena, kwani kukaza kwenyewe huzungusha tairodi usipoishika kwa spana ya pili. Ilikuwa imehama mm 0.5 kulia, ikarudishwa.

Mbona si sifuri? Tuliweka watu wanne ndani. Mbele ikashuka mm 10, na tou ikaenda nje mm 1. Kwa hiyo mm 1 ndani likiwa na dereva peke yake ni sifuri likiwa limejaa, na katika hali yoyote ya kawaida haliendi nje. Gari lisiloshushwa haliyumbi hivyo kwa uzito, kwa kuwa tairodi na aamu zake bado zinazunguka kwenye pembe walizokusudia wahandisi.

Nyuma

NZE hii ina boriti moja nyuma. Kushusha hakubadilishi kemba wala tou yake kwa kiasi cha kujali, na hakuna nati ya kurekebishia. Tumesoma kemba hasi mm 10 kushoto na mm 10.5 kulia, karibu digrii moja na nusu, kama inavyotoka kiwandani. Tou: kushoto mm 1 ndani, kulia mm 2 ndani. Tofauti hiyo inasukuma mgongo wa gari kidogo upande, na usukani hulazimika kukaa pembeni kiasi cha kuonekana na mwenye jicho. Dawa yake ni shimu (kipande chembamba cha kujazia) kati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na boriti.

Barabarani

Nati za magurudumu Nm 103. Gari limepita barabara ya Malindi kwa kilomita 80 kwa saa: linakwenda moja kwa moja kwenye lami iliyo sawa, halivuti breki zikikanyagwa, usukani unarudi wenyewe baada ya kona. Usukani umekaa digrii chache kushoto, na tunaamini ni ile tofauti ya nyuma.

Baadaye limepelekwa kwenye mashine ya alaimenti ili kulinganisha. Ombeni karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na hakikisheni magurudumu yamezungushwa kwanza ili mashine ifidie rimu zilizopinda. Mashine imesoma kemba kushoto hasi 1°12', kulia hasi 1°06'. Timazi na uzi vimetofautiana nayo kwa dakika tatu tu.

Springi mpya hulala. Vipimo vyote vitarudiwa baada ya kilomita 300 hadi 500, kimo kwanza. Kimo kikiwa kimeshuka zaidi ya mm 3, tou itapimwa upya kabla ya kitu kingine chochote. Shimu ya nyuma kulia itawekwa siku hiyohiyo, na usukani utanyooshwa baada yake.